Kichapishi Huria cha Nyumbani: Kwa Nini Hakijapatikana?

Utangulizi

Mzazi aishiye Ngoliba, wadi iliyo mashariki ya mji wa Thika katika Kaunti ya Kiambu, ana sababu nyingi za kuhitaji karatasi iliyochapishwa. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamikia kazi za nyumbani zinazowalazimu kuchapisha picha na majedwali kwa ajili ya watoto wao. Fomu nyingi za serikali, ambazo siku hizi hujazwa katika mtandao wa eCitizen, huishia kuwa karatasi. Kijana atafutaye kazi hutakiwa kuwa na nakala za wasifu na vyeti vyake. Basi mzazi huyo huichukua simu yake hadi dukani na kulipia kila ukurasa. Bei ya ukurasa mmoja ni ndogo, lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tatizo ni kwamba kibaba kinachojaa hapa si chake.

Wapo wanaojiuliza kwa nini asinunue kichapishi chake mwenyewe. Jibu hujulikana na kila aliyewahi kujaribu: kifaa chenyewe huweza kuwa cha bei nafuu, ila wino wake ni ghali, na kila aina ya kichapishi hudai wino wa aina yake. Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka. Ikiwa watu wa kawaida wameweza kuandika programu za kompyuta na kuzigawia dunia nzima ili kila mtu azitumie na kuzirekebisha, kwa nini hawajaweza kuunda kichapishi cha nyumbani cha namna hiyohiyo, ambacho michoro yake ni wazi, wino wake ni wa kuchagua na vipuri vyake vinaweza kutengenezwa na fundi yeyote?

Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba kikwazo kikuu si siri za kampuni peke yake, wala sheria peke yake. Kifaa huwa huria kwa hakika pale tu msomaji wa mchoro wake anapoweza kukiunda upya. Ndani ya kichapishi mna sehemu moja, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambayo mchoro wake haumfai kitu mtu asiye na kiwanda.

Istilahi za Mjadala

Kabla ya kuendelea, ni vyema istilahi za msingi zifafanuliwe. Kichapishi ni kifaa kinachohamisha maandishi au picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye karatasi. Madukani hujulikana zaidi kama printa, na matumizi hayo si kosa. Hata hivyo, neno kichapishi lina faida ya uwazi wa kimofolojia: lina mzizi -chap-, kiambishi -ish-, kiishio -i cha unominishaji na kiambishi ki- ambacho aghalabu huashiria ala. Mwanafunzi anayelikutana nalo kwa mara ya kwanza hukisia maana yake bila kusaidiwa. Ikumbukwe pia kwamba kitenzi chapisha hubeba maana mbili, yaani kutoa nakala kwenye karatasi na kutoa kitabu kwa umma. Kwa hiyo, kichapishi na mchapishaji ni ndugu wa ukoo mmoja.

Istilahi ya pili ni huria. Katika Kiingereza, neno lililotumiwa na waasisi wa programu hizi lina maana mbili, ya kutolipiwa na ya kutofungwa, nao wamelazimika kuieleza tofauti hiyo mara kwa mara. Kiswahili hakina mkanganyiko huo: bure ni bure na huru ni huru. Neno huria lenyewe limezoeleka katika matumizi kama vile soko huria, na Tanzania imekuwa na Chuo Kikuu Huria tangu mwaka 1992. Programu huria, basi, ni ile ambayo msimbo wake unaweza kusomwa, kutumiwa, kubadilishwa na kusambazwa na yeyote, hata kama aliyeileta alilipwa. Maunzi huria ni vifaa ambavyo michoro na maelezo yake yametolewa kwa masharti hayohayo.

Tofauti moja baina ya istilahi hizi mbili ndiyo mhimili wa makala haya. Programu ni maandishi. Anayeipata huinakili kwa sekunde chache, na nakala yake ni sawa na asili. Kifaa ni mata. Anayepata mchoro wake hajapata kifaa. Amepata maelezo ya kazi ambayo bado inamngoja.

Vuguvugu Lililozaliwa na Kichapishi

Ni jambo la kustaajabisha kwamba vuguvugu la programu huria lilichochewa na kichapishi. Mnamo mwaka 1980 hivi, mtaalamu wa kompyuta Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani. Kichapishi cha awali cha maabara hiyo kilikwama mara kwa mara, lakini kwa kuwa msimbo wa programu yake ulikuwepo, Stallman aliurekebisha ili watumiaji wapate ujumbe kila karatasi ilipokwama. Baadaye kampuni ya Xerox iliipa maabara kichapishi kipya cha leza. Hicho nacho kilikwama, ila safari hii msimbo haukutolewa. Stallman alipomwomba mtu aliyekuwa nao katika chuo kingine, alinyimwa kwa sababu mtu huyo alikuwa ameahidi kutoutoa.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha wakfu wa kuutetea. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Ufini alitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi ambao leo hutumika katika seva nyingi na ndani ya simu za Android. Afrika Mashariki nayo ilishiriki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Upande wa uchapishaji haukuachwa nyuma. Mfumo wa CUPS, ulioanzishwa na Michael Sweet katika miaka ya 1990 na kununuliwa na kampuni ya Apple mwaka 2007, ni programu huria inayopokea kazi za kuchapisha na kuzipeleka kwenye vichapishi. Kwa hiyo, mwanafunzi anaweza kuandika insha yake kwa programu huria, juu ya mfumo endeshi huria, na kuituma kupitia mfumo huria wa uchapishaji. Mnyororo huu wote u wazi hadi pingili ya mwisho. Pingili hiyo ni kichapishi chenyewe, kifaa kilekile kilichoanzisha ugomvi zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Njia Nne za Kuweka Wino

Ili ugumu wenyewe ueleweke, yafaa kutazama njia nne ambazo kompyuta huweza kutumia kuweka wino kwenye karatasi, kuanzia iliyo nyepesi.

Njia ya kwanza ni ya kalamu. Mota mbili huisogeza kalamu ya kawaida mbele, nyuma na kando, nayo huchora herufi kama mkono uandikavyo. Kifaa cha aina hii kinaweza kuundwa nyumbani na mtu mwenye subira, na michoro huria yake ipo tele. Udhaifu wake ni mwendo. Ukurasa uliojaa maandishi huchukua muda mrefu, na picha huchukua muda mrefu zaidi.

Njia ya pili ni ya sindano. Kichwa chenye sindano ndogo, aghalabu 9 au 24, hugonga utepe wenye wino ulio mbele ya karatasi. Kila sindano husukumwa na sumaku ya umeme. Vichapishi hivi vilienea sana katika miaka ya 1980, na mpaka leo baadhi ya ofisi huvitumia kuchapisha stakabadhi zenye nakala za kaboni. Fundi hodari mwenye vifaa vizuri angeweza kuiga baadhi ya sehemu zake. Hata hivyo, vina kelele na maandishi yake hayana ulaini.

Njia ya tatu ni ya matone, nayo ndiyo itumiwayo na vichapishi vingi vya nyumbani. Wino hurushwa kwenye karatasi kupitia vitundu vidogo mno, bila kichwa kuigusa karatasi.

Njia ya nne ni ya poda, ambayo ndiyo msingi wa mashine za kutoa nakala na vichapishi vya leza. Msingi huo uligunduliwa na Chester Carlson mjini New York mwaka 1938. Ngoma yenye utando unaohisi mwanga hutiwa chaji ya umeme, mwale wa leza huchora ukurasa juu yake kwa kuiondoa chaji mahali panapotakiwa, poda iitwayo tona hunasa kwenye mchoro huo, kisha poda huhamishiwa karatasini na kuyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za selsiasi. Njia hii huhitaji kioo kinachozunguka kwa kasi kubwa, umeme wa volti nyingi, poda yenye chembe za mikroni chache na tanuri dogo lililo sentimita chache kutoka kwenye karatasi. Mtu wa kawaida akikosea chumbani mwake, anaweza kupigwa na umeme, kuvuta poda hiyo mapafuni au kuwasha moto.

Ni dhahiri kwamba njia mbili za kwanza zinaundika ila hazimridhishi mtumiaji wa leo, na ya nne ni hatari. Tumaini la mbunifu huria limebaki kwenye njia ya tatu.

Kichwa Kisichoundika Nyumbani

Simulizi ya kampuni ya Canon ya Japani inaeleza kwamba mwaka 1977 mtafiti Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka kwenye ncha ya bomba la sindano baada ya sindano hiyo kuguswa na chuma cha moto cha kulehemia. Joto lilikuwa limeuchemsha wino na kuzalisha kiputo, na kiputo kikausukuma wino nje. Kampuni ya HP ya Marekani nayo ilifikia wazo hilo kwa njia yake, na mwaka 1984 ikauza kichapishi cha ThinkJet kilichofanya kazi kwa msingi huohuo. Wazo lenyewe, basi, ni jepesi: chemsha wino kwa ghafla, nao utaruka.

Ugumu umo katika vipimo. Kitundu cha kichwa cha kichapishi cha nyumbani huwa na kipenyo cha mikroni 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu ya milimita moja. Huo ni kama robo ya unene wa unywele. Nyuma ya kila kitundu mna kikanzio kidogo cha umeme kinachopanda hadi nyuzi 300 na zaidi katika muda wa milioni chache za sekunde, kisha kupoa, na kurudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Vitundu vyenyewe ni mamia, vyote vikiwa vimepangwa kwenye kipande kimoja kidogo, na kila kimoja chaamriwa peke yake. Vipande hivi hutengenezwa kwa mbinu zinazofanana na zile za kutengeneza chipu za kompyuta, katika vyumba ambavyo hewa yake imechujwa hata vumbi lisionekane.

Hesabu ndogo itadhihirisha kwa nini udogo huo ni wa lazima. Kwa ubora wa vitone 600 kwa kila inchi, ukurasa wa A4 una nafasi takriban milioni 35 ambazo kila moja yaweza kutiwa au kutotiwa wino. Wabunifu huria wamewahi kujaribu kukwepa kazi hii kwa kutumia katriji ya zamani ya HP iitwayo C6602, ambayo hutumika katika mashine za risiti na ambayo ni rahisi kuiamuru. Katriji hiyo ina vitundu 12 tu, navyo hutoa vitone 96 kwa inchi. Kila kichwa kinapopita kutoka kushoto hadi kulia, huchapisha ukanda wenye upana wa milimita 3 na kidogo. Ili kuumaliza ukurasa mmoja wa A4, lazima kipite zaidi ya mara 90, na herufi zitokazo hufanana na zile za risiti. Aliyekwenda na insha ya mtihani wa mtoto hataridhika.

Fauka ya hayo, kuna wino. Wino wa kichapishi si maji yaliyotiwa rangi. Unapaswa kuwa mwepesi ili upite kwenye kitundu, usikauke ndani ya kitundu hicho kifaa kinapokaa wiki nzima bila kutumika, lakini ukauke upesi ukifika karatasini. Haupaswi kuacha masizi juu ya kikanzio wala kula chuma chake. Masharti haya huvutana, na kuyapatanisha ni kazi ya maabara ya kemia.

Karatasi Nayo Ina Mambo Yake

Wengi hudhani kwamba kusogeza karatasi ni jambo dogo. Mafundi wa kurekebisha vichapishi wanajua kwamba sivyo. Kifaa hutakiwa kuchukua karatasi moja kutoka kwenye rundo, si mbili, mara elfu bila kukosea. Karatasi hubadilika kwa unyevu, kwa unene na kwa jinsi ilivyokatwa. Vumbi la kiangazi likitua juu ya magurudumu ya mpira yanayoivuta, magurudumu huteleza. Baada ya karatasi kushikwa, ni lazima isogezwe kwa hatua zilizo sawa kabisa. Ikizidi kwa sehemu ya kumi ya milimita, mstari mweupe huonekana ukikatiza maandishi. Ikipungua kwa kiasi hicho, mstari mweusi hutokea.

Kichwa nacho lazima kijue kilipo. Ndiyo maana vichapishi vingi vina ukanda mwembamba wa plastiki wenye mistari midogo mno, ambao jicho la kielektroniki huusoma kichwa kinapokimbia. Sehemu hizi si siri, na nyingi huonekana kifaa kinapofunguliwa. Kazi ni kuziunganisha ili zifanye kazi pamoja, mwaka hadi mwaka, kwa bei ambayo familia inaweza kuimudu.

Kwa Nini cha Pande Tatu Kiliwezekana?

Huenda msomaji akauliza: mbona vichapishi vya pande tatu, vile vinavyojenga vitu kwa plastiki, vimekuwa huria? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linaangaza hoja nzima.

Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap wa kuunda kichapishi cha pande tatu kinachoweza kuzalisha baadhi ya sehemu zake chenyewe. Kifaa cha kwanza kiliitwa Darwin. Mwaka 2009 hataza kuu ya kampuni ya Stratasys kuhusu mbinu ya kuyeyusha plastiki iliisha muda, na vifaa huria vikaenea duniani. Afrika haikubaki mtazamaji. Mwaka 2013, mjini Lomé nchini Togo, Afate Gnikou aliunda kichapishi cha pande tatu kwa kutumia vipuri vya vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa, vikiwemo vichapishi vya karatasi na skana.

Mfano wa Lomé una kinaya ndani yake. Kutoka kwenye mizoga ya vichapishi vya karatasi, fundi aliweza kuunda kichapishi cha vitu, lakini mafundi hawajaweza kutoka kwenye mizoga hiyo kuunda kichapishi kipya cha karatasi. Sababu ni tatu. Kwanza, kitundu cha kichapishi cha pande tatu kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 0.4, mara 20 ya kile cha wino, nacho huweza kutobolewa kwenye shaba kwa mashine ya karakana. Pili, kitundu kimoja kinatosha, na mtumiaji yuko radhi kungoja saa kadhaa. Tatu, vifaa vya pande tatu vya viwandani viliuzwa kwa bei ya juu sana, hivyo kifaa kilichoundwa nyumbani kilikuwa nafuu hata kilipokuwa na kasoro. Kichapishi cha karatasi kinakosa nafasi zote tatu. Kitundu chake ni kidogo mno, mtumiaji wake hangoji, na mpinzani wake dukani ni wa bei ya chini.

Uchumi wa Wino na Mipaka ya Sheria

Hiyo bei ya chini inahitaji maelezo. Kampuni nyingi huuza kichapishi kwa faida ndogo, na wakati mwingine kwa hasara, kisha hurejesha fedha zao kwa kuuza wino kwa miaka kadhaa. Methali isemayo rahisi huvunja upishi inafaa hapa. Mnunuzi huona bei ya kifaa siku ya kwanza, lakini haioni bei ya katriji ya kumi.

Mbunifu huria hawezi kuufuata mwenendo huo. Akiruhusu kila mtu atumie wino wowote, hana mauzo ya wino ya kufidia hasara. Analazimika kuuza kifaa kwa gharama yake halisi, na kwa kuwa hatengenezi mamilioni ya vifaa, gharama hiyo ni kubwa. Mnunuzi atalinganisha vifaa viwili mezani, kilicho wazi na kilichofungwa, na kilichofungwa kitakuwa nafuu siku hiyo. Kwa maneno mengine, uhuru wa kifaa huria hulipiwa mapema, ilhali kifungo cha kifaa kingine hulipiwa polepole.

Ili kuulinda mwenendo huu, kampuni zimetumia chipu zinazotambua katriji. Mwezi Septemba 2016 kampuni ya HP ilikosolewa vikali baada ya baadhi ya vichapishi vyake kuanza kuzikataa katriji zenye chipu za kampuni nyingine. Sheria haikuwa upande mmoja daima. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Lexmark, iliamua kwamba haki ya hataza hufika kikomo katriji inapouzwa. Hivyo, wanaozijaza upya na kuziuza hawawezi kushtakiwa kwa hataza hiyo.

Hataza zenyewe mara nyingi hutajwa kuwa kikwazo kikuu. Ni kweli kwamba kampuni zinamiliki maelfu ya hataza, na mbunifu mdogo hana wakili wa kuzisoma zote. Hata hivyo, hataza hudumu miaka 20 kwa kawaida. Zile za msingi za miaka ya 1970 na 1980 zimekwisha muda. Iwapo sheria peke yake ingekuwa ndiyo kufuli, mlango ungekuwa umekwisha kufunguka, kama ulivyofunguka kwa vichapishi vya pande tatu mwaka 2009. Haukufunguka, kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa kiwanda.

Jaribio lililotangazwa na kikundi cha Open Tools cha Paris, Ufaransa, mwaka 2025 linathibitisha jambo hili. Kikundi hicho kilibuni kichapishi kiitwacho Open Printer, chenye fremu, mota na kompyuta ndogo ambavyo mtumiaji anaweza kuvirekebisha mwenyewe. Lakini kichwa chake ni katriji ya HP, ya aina ambayo kichwa na wino vimo pamoja. Aidha, leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara, na kwa hiyo wapo wasioihesabu kuwa huria kamili. Kikundi hicho hakistahili kulaumiwa. Kimefika mahali ambapo wote hufika, yaani mlangoni pa kichwa.

Funzo la Thika

Kwa mwenyeji wa Ngoliba, jambo hili si geni. Mjini Thika kuna kiwanda cha kuunganisha magari kiitwacho Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya. Kwa miongo kadhaa, mafundi wa Thika wameunganisha malori na mabasi kutokana na vipuri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Wanaijua injini ndani na nje. Wanaweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena. Kuifahamu injini hivyo, hata hivyo, hakujaifanya iundwe Thika.

Kenya iliwahi kujaribu kuvuka mpaka huo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Wataalamu walithibitisha kwamba gari la mfano linaweza kuundwa. Lililoshindikana ni kuyazalisha kwa wingi. Pengo hilo baina ya kuunda kimoja na kuunda elfu ndilo linaloikabili ndoto ya kichapishi huria. Michoro huweza kumfikisha mbunifu kwenye kifaa cha kwanza. Kutoka hapo panahitajika kiwanda, mtaji na soko.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba mafundi hawajafanya lolote. Katika miji mingi ya Kenya, wapo wanaojaza katriji upya kwa bomba la sindano, chombo kilekile ambacho mwaka 1977 kilimwonyesha Endo njia. Wapo wanaozibua vichwa vilivyoziba na kubadilisha magurudumu yaliyochakaa. Vichapishi vyenye matangi ya wino, ambavyo kampuni ya Epson ilianza kuviuza mwaka 2010 nchini Indonesia, vimeipa kazi hiyo nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa. Kifaa kinachoruhusu kujazwa wino na kutengenezwa si huria, lakini kimeukaribia uhuria hatua kadhaa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kichapishi huria cha nyumbani ni kigumu kuundwa kwa sababu zinazoshikana. Kichwa chake huhitaji kiwanda cha chipu, wino wake huhitaji maabara, karatasi yake huhitaji usahihi wa kila siku, na soko lake limejaa vifaa vya bei nafuu vinavyolipiwa baadaye. Siri na hataza huongeza uzito, ila hata zikiondolewa leo, mzazi wa Ngoliba hatapata kichapishi huria kesho.

Kutokana na hayo, uhuria wa kifaa unapaswa kupimwa kwa hatua, si kwa ndiyo au la. Je, kifaa hufanya kazi na mfumo wowote wa kompyuta bila kudai kiendeshi cha siri? Je, hukubali wino wa muuzaji yeyote? Je, hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vinapatikana? Shule inayonunua kichapishi kimoja cha kutumiwa na wazazi wote, ikiuliza maswali hayo kabla ya kulipa, itakuwa imepata sehemu kubwa ya faida ambayo kichapishi huria kingeileta.

Kuna hatua nyingine inayowahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili. Mchoro ulio wazi kwa Kiingereza pekee umefunguliwa nusu tu. Fundi anayezibua kichwa cha kichapishi ana ujuzi mwingi, lakini maelezo ya matengenezo huandikwa kwa lugha nyingine, na ujuzi wake mwenyewe hauandikwi kabisa. Mafundi wana majina ya sehemu, ya magonjwa ya mashine na ya tiba zake. Majina hayo hayajakusanywa ipasavyo. Kuyakusanya, kuyapima na kuandika kwayo miongozo ya matengenezo iliyo huria ni kazi isiyohitaji chumba kisicho na vumbi wala mtaji wa kiwanda. Inahitaji daftari, uvumilivu na lugha. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kichwa cha kichapishi kingali kinasanwa mbali, lakini hakuna anayewazuia wanafunzi wa Kiswahili kuishika mivukuto.